Unataka kufanya utafiti wa elimu kwa ajili ya shule za mjini? Njoo tuongee ukweli

Kila msimu wa ajira za ualimu ukipita naanza kupata meseji za aina moja. Mtu kamaliza digrii yake ya ualimu, kaomba kule kwenye mfumo, kaitwa usaili au hajaitwa, kakosa, sasa anauliza "mkuu hii kazi yenu ya utafiti wa elimu naingiaje, na mimi napenda sana mambo ya sera". Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka, kwahiyo leo naandika mara moja halafu nitakuwa natuma linki. Ni ndefu, kaa na chai kabisa.

Mi naongelea shule za mjini, kayumba zetu za Dar hasa, yaani shule za msingi za serikali, kwasababu ndo nazozijua na ndo zilizonifanya nibaki kwenye hii kazi wakati wenzangu wengi wameshahamia kwenye miradi ya afya na kilimo. Na kitu cha kwanza ujue kabla hujauliza mshahara ni kwamba shule ya mjini haina mwenyewe. Kwenye utafiti namaanisha. Mfadhili akija na mradi wa elimu anafungua matokeo ya darasa la saba, anapanga mikoa, anakuta Dar es Salaam iko juu juu kule kama kawaida yake, anasema hawa wako sawa, twende kwa wenye shida. Angalia EQUIP-T ya Waingereza iliyoanza 2014: Dodoma, Kigoma, Lindi, Mara, Shinyanga, Simiyu, Tabora, baadae wakaongeza Katavi na Singida. Ikaja Shule Bora 2022, mikoa tisa, Dar haimo. Tusome Pamoja ya Wamarekani nayo ikaenda Iringa, Morogoro, Mtwara, Ruvuma na Zanzibar. Silaumu mtu hapo, mtoto wa Simiyu anahitaji kweli na hela haitoshi kila mahali. Ila hebu jiulize, wastani wa Dar ni wastani wa nini?

Ni wastani wa inglish midiamu za Mbezi Beach na Tabata ambazo watoto wanashushwa na skul basi, ukachanganya na shule ya serikali Mbagala au Chanika ambayo madawati hayatoshi na darasa moja linatumika na watu wawili kwa zamu, halafu ukagawanya. Mkoa una watu milioni 5.38 kwa sensa ya 2022, yaani ukichukua tu zile kata za pembeni ambako watu wanajenga kila siku, hao watoto peke yao ni mkoa mzima kwingine. Lakini kwenye jedwali hawaonekani. Wamefunikwa na wenzao wa kulipia. Kwahiyo kazi ya mtafiti wa shule za mjini kwa kiasi kikubwa ni hiyo, kuufungua huo wastani hadi uone kata, hadi uone shule, ikiwezekana hadi uone mkondo wa asubuhi na mkondo wa mchana kila mmoja peke yake. Inasikika rahisi. Sio rahisi.

Ngoja nikuonyeshe. Ukifika shule ya zamu mbili mida ya saa sita mchana unakuta wa asubuhi wanatoka na wa mchana wanaingia, uwanja mzima ni vumbi na mashati meupe, kuna wanaosubiri chini ya mwarobaini tangu saa nne kwasababu mama alipotoka kwenda kwenye biashara alifunga mlango akawaacha nje na begi. Unataka kumpima mtoto kusoma, unatafuta sehemu tulivu, hakuna, unaishia nyuma ya ofisi ya mwalimu mkuu pembeni ya simtanki na watoto wengine kumi wanakuchungulia. Unampa kikaratasi, silabi anazisoma fresh, maneno anajikongoja, ukifika kwenye aya anaanza kukisia, anaangalia neno la kwanza halafu anakutungia sentensi yake nzuri tu ambayo haipo pale. Ni mtoto wa darasa la tatu. Kwenye rejista jina lake lina alama ya kuwepo kila siku na kweli huwa yupo.

Sasa hapo ndo utafiti unapoanza kuwa mtamu, kwasababu jibu la haraka ambalo kila mtu mtaani analo ni "walimu hawafundishi". Benki ya Dunia walifanya utafiti wao wa viashiria vya huduma nchi nzima mwaka 2014, wakatembelea shule bila taarifa, walimu ambao hawakuwepo kabisa shuleni walikuwa asilimia 14, ila ambao hawakuwa darasani muda wa kipindi ilikuwa asilimia 47. Soma tena hizo namba mbili. Yaani walimu wengi wako shuleni, wameripoti, wamesaini, ila darasani hawapo. Mwanasiasa akiiona hiyo anataka kufukuza watu. Mtu aliyewahi kukaa ofisi ya walimu mjini anauliza swali lingine kabisa: je vyumba vipo? Maana mjini walimu wanakuja wengi, kuna uhamisho wa kufuata mwenza, kuna kila mtu anataka mjini, unakuta uwiano wa mwalimu kwa wanafunzi kwenye makaratasi uko karibu na ule wa 1 kwa 45 unaotakiwa na serikali, ila chumba cha darasa hakiongezeki kwasababu kiwanja kimeisha, nyumba za watu zimeishika shule kama mkanda. Kwahiyo walimu wawili watatu wanagawana kundi moja la watoto mia na kitu, mmoja yuko mbele wengine wanasahihisha daftari ofisini. Ukimuongezea mkuu wa shule kama huyo mwalimu mwingine hujamsaidia kitu, ukimjengea ghorofa umemsaidia. Kijijini ni kinyume chake mara nyingi, pale walimu ndo hakuna. Sera moja kwa wote inakosa pande zote mbili, na mtu wa kusema hivyo kwa namba badala ya kelele ndo huyo unayetaka kuwa.

Haya, unaingiaje.

Wengi wetu tuliingilia mlango wa nyuma, kama enumereta. Taasisi inapata kazi, inatafuta vijana wa kukusanya data wiki kadhaa, mnafundishwa, mnapewa vishikwambi, mnapangiwa shule. Posho inalipwa kwa siku na kuna kampuni (siitaji jina) posho yake tuliisubiri hadi tukasahau tulikuwa tunadai. Usiidharau hii hatua hata kama una digrii mbili, kwasababu mtu ambaye hajawahi kumpima mtoto kusoma akija kuandika ripoti unamjua tu, anaandika "mahudhurio yaboreshwe" kama vile mahudhurio ni feni unaongeza spidi. Hajui kwamba mtoto wa zamu ya mchana anatoka jioni muda ule ule watu wanagombania daladala na konda hamtaki kwasababu ya nauli ya mwanafunzi, na mzazi akiona mtoto anafika usiku wiki nzima anaanza kumbakisha nyumbani.

Halafu kuna barua. Jamani barua. Hakuna chuo kinafundisha hili na ndo nusu ya kazi. Unatoka na kibali cha chuo au cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), unaenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anakuandikia kwenda wilayani, unaenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, anakushusha kwa afisa elimu, anakushusha kwa afisa elimu kata, ndo unafika kwa mwalimu mkuu ambaye siku hiyo kaitwa kikao. Kuna watoto wa kishua wametoka nje na masta zao wanaona huu ni usumbufu, mi naona ni shule ya bure. Kwenye kila meza unayopitia kaa uongee na mtu, salimia vizuri, uliza nini kinamsumbua, kwasababu hao ndo wanaoamua mambo ya shule za mjini na watu wachache sana wa utafiti wanawajua kwa sura.

Ukishavuka hapo kuna wanaobaki kama masupavaiza wa field, kuna wanaoingia upande wa data, kuna wanaoenda kwenye utetezi wa sera. Waajiri wanaojulikana mnawajua: HakiElimu ipo tangu 2001, Twaweza tangu 2009 na wao ndo wametuletea Uwezo, ile ya kwenda nyumba kwa nyumba kumpima mtoto mwenye miaka 7 hadi 16 kwa mambo ya darasa la pili. REPOA wapo, wanafanya uchumi na umaskini ila elimu wanaigusa. Vyuo vipo, DUCE pale Chang'ombe, shule ya elimu ya UDSM, Aga Khan. TEN/MET kwa mtandao wa asasi. Ila sikufichi, mwaka 2025 ulitupiga. USAID, shirika la misaada la Marekani, ilivyosimamishwa Januari na baadae kufungwa kabisa, watu niliofanya nao kazi miaka wamepokea imeili asubuhi ya kwamba wasije tena kazini. Wengine ni baba na mama wa familia walioamini kwamba wameshafika. Kwahiyo ukiniuliza kama hii ni ajira ya kutulia nitakwambia hapana, ni mikataba, mradi ukiisha unarudi kutafuta, na mwenye familia aingie akijua.

Lakini kuna nyakati kazi inafanya kazi, na ndo zinatubakisha. KiuFunza kwa mfano. Miaka ya 2013 na 2014 Twaweza pamoja na wachumi kina Isaac Mbiti na Karthik Muralidharan walichukua shule za msingi 350, wakazigawa kwa bahati nasibu. Nyingine zilipata ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi ikiingia moja kwa moja shuleni, nyingine walimu walilipwa bonasi kwa kila mtoto aliyefaulu mtihani wa stadi, nyingine zikapata vyote viwili, nyingine hazikupata kitu. Baada ya miaka miwili shule zilizopata ruzuku peke yake, watoto hawakujua zaidi ya wenzao. Bonasi peke yake, matokeo ya hapa na pale. Vyote viwili pamoja, watoto wakapanda kweli kweli. Ilichapishwa 2019 kwenye jarida kubwa la uchumi duniani. Serikali nayo kuanzia 2016, ilipoanza elimu bila ada kwa ule Waraka Namba 5 wa 2015, ikaanza kutuma ruzuku moja kwa moja kwenye akaunti za shule. Sisemi ni kwasababu ya huo utafiti, sera haiendi hivyo, sera ina mambo yake mengi. Nasema kwamba siku mkuu fulani anauliza "tukiongeza hela watajua kusoma?" kuna jibu mezani la hapa hapa nyumbani, na kuna enumereta alipanda bodaboda kwenye matope kulitafuta.

Wakenya hapa wametuzidi, tukubali. Kwao mjini kumetazamwa kama mjini. APHRC, kituo cha utafiti pale Nairobi, wamefuatilia kaya za Korogocho na Viwandani kwa miaka mingi, ndo wakaonyesha kwamba hata baada ya elimu ya msingi bure ya 2003 wazazi wengi wa mabandani bado wanalipia vishule vya mtaani. Na PRIMR, mradi wa kufundisha kusoma na hesabu, kuanzia 2011 ilijaribiwa Nairobi, Kiambu na Nakuru, shule za serikali na hizo za mabandani pia: kitabu kwa kila mtoto, mwongozo kwa mwalimu, mtu wa kumtembelea na kumsaidia darasani. Ikaleta matokeo, 2015 serikali ikaichukua nchi nzima kwa jina la Tusome. Wakajaribu pia Kisumu kuweka vifaa vya kidijitali, tableti kwa walimu, visomeo vya kielektroniki kwa watoto, wakakuta haviongezi cha maana juu ya ule mpango wenyewe wa vitabu na usaidizi, ila gharama ndo usiseme. Huu utafiti natamani ungebandikwa kwenye ukuta wa kila anayetaka kununua tableti.

Ila mfano ninaoupenda kuliko yote uko mbali, Chicago. Kule mwaka 1990 chuo kikuu na watu wa mji walianzisha kituo kimoja cha utafiti ambacho kazi yake ni shule za jiji hilo tu. Mradi hauna tarehe ya kuisha, wapo hadi leo. Mwaka 2005 Elaine Allensworth na John Easton wakatoa kitu kidogo sana: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza sekondari akimaliza mwaka na krediti za kutosha na hajafeli zaidi ya muhula mmoja wa somo la msingi, uwezekano wa kumaliza shule kwa wakati ni zaidi ya mara tatu ya asiyefikia hapo. Basi. Hicho kipimo jiji likakichukua, shule zikaanza kupewa orodha ya majina mapema mwaka ukiwa bado unaendelea, mwalimu anaona fulani anateleza anamuita wiki hiyo hiyo. Kati ya 2007 na 2013 waliokuwa kwenye mstari, yaani waliofikia hicho kipimo, walitoka asilimia 57 hadi 82. Easton mwenyewe baadae alienda kuongoza taasisi ya utafiti wa elimu ya serikali ya Marekani. Sio kwamba wao wana akili sana, wana matatizo yao mengi tu kule. Ni kwamba utafiti ulikaa karibu na ofisi inayofanya maamuzi na ulikuwa unajibu swali la Jumatatu asubuhi.

Na hapa ndo nafika kwenye ushauri wangu ambao najua wengi hamtaupenda. Kama kweli unataka kubadilisha shule za mjini, nafasi inayodharauliwa kuliko zote ni Afisa Elimu Vifaa na Takwimu wa halmashauri. Hana gari, ofisi yake ina makabati ya chuma na feni inayolia, hakuna anayemuita kwenye kongamano. Lakini idadi ya watoto, vyumba, madawati, walimu, vyoo, vyote vinapita kwake. Anaingia kwenye mifumo ya TAMISEMI, anajua shule ipi inajaza namba za kweli na ipi inanakili za mwaka jana. Uhamisho nao: mjini watu ni wapangaji, kodi ikiisha familia inahama Buguruni inaenda Kivule, mtoto anapotea kwenye shule moja na kutokea nyingine baada ya miezi au asitokee kabisa, na anayeweza kuliona hilo ni huyo afisa akiwa na muda na akiwa anajua kucheza na data. Mpe huyu mtu kijana mmoja anayejua Excel vizuri na Stata au R kidogo (programu za kuchambua takwimu), halafu mkurugenzi akitaka kupanga mgao wa madarasa anapewa karatasi mbili za Kiswahili zinazoeleweka badala ya ripoti ya kurasa 120 ya kiingereza. Huko ndo sera ya shule za mjini inakotengenezwa, na sioni watu wakigombania.

Kwenye ujuzi sitakuchosha. Jifunze kusafisha data, jifunze kuuliza swali bila kumuelekeza mtu jibu, na jifunze kuandika Kiswahili cha ofisini kifupi. PhD inaweza kusubiri. Ijue pia sheria ya takwimu, ile ya 2015, maana marekebisho ya 2018 yalifanya kutoa namba zinazopingana na za serikali kuwa kosa, 2019 wakalegeza, na kuna watu walikaa kimya mwaka mzima hapo katikati. Mtafiti lazima ajue anasimama wapi kisheria kabla hajabonyeza kitufe cha kutuma.

Kazi yenyewe ipo, tena kubwa. Kwa mtaala mpya ulioanza 2024 elimu ya msingi inakuwa miaka sita, kwahiyo kwa mpango ulivyo mwaka 2027 darasa la sita na la saba wanamaliza pamoja na Januari 2028 makundi yote mawili yanatakiwa kidato cha kwanza kwa wakati mmoja. Huko kwenye eneo watajenga, ardhi ipo. Mbagala watajenga wapi? Kata ipi ina sekondari inayobeba mikondo mingapi, watoto wangapi wako kwenye hayo makundi mawili, wangapi watatembea kwenda kata ya jirani na wavuke barabara gani, hiyo hesabu ya kata kwa kata mi sijaiona popote hadharani na haihitaji mfadhili kuianza. Idadi za wanafunzi kwa shule TAMISEMI wanaziweka mtandaoni, matokeo ya NECTA yapo shule kwa shule. Anza na kata yako, halafu chukua bajaji uende kwa afisa elimu kata ukamuulize namba zako zimekosea wapi.